Akina mama wa Kongo na kura: nusu ya nchi iliyoingia uhuru bila kuulizwa

Mwezi wa Mei 1960, wiki chache kabla ya uhuru, Kongo ilichagua bunge lake la kwanza. Viti vilivyogombewa vilikuwa 137. Vyama vilizunguka nchi, kutoka Bas-Congo hadi Kivu, kutoka Katanga hadi Mkoa wa Mashariki, na kutokana na kura zile ikazaliwa serikali ya Patrice Lumumba. Sehemu hiyo ya historia watoto wanaisoma shuleni.

Lakini kuna jambo moja ambalo halisimuliwi sana kila tarehe 30 Juni inapofika. Katika mistari ya wapiga kura wa mwaka ule, akina mama hawakuwemo. Sheria ya uchaguzi ya tarehe 23 Machi 1960 ilisema mpiga kura ni mwanaume mwenye umri wa miaka 21 na zaidi. Mama aliyelima shamba, aliyeuza sokoni, aliyewaficha vijana wakati askari wa mkoloni walipowasaka, hakuulizwa anataka nani aongoze nchi. Bunge lilitungwa bila kura yake. Mawaziri wa serikali ya kwanza walikuwa wanaume watupu.

Nusu ya nchi iliingia uhuru bila kuulizwa. Na ilipokuja kuulizwa hatimaye, miaka saba baadaye, ilikuta swali lenye jibu moja tu. Historia ya kura ya mwanamke wa Kongo iko katikati ya mambo hayo mawili, na kwa familia nyingi za Kivu zilizokimbia vijiji vyao, haijaisha bado.

Kodi bila kura

Kabla ya mwaka 1957, hakuna mtu aliyepiga kura Kongo, awe mweusi au mweupe. Koloni lilitawaliwa kutoka Brussels, na gavana mkuu alikaa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kwa upande wa kura, mwanaume na mwanamke walikuwa sawa: wote hawakuwa nayo.

Ila kwa upande wa kodi, mwanamke hakusahauliwa. Wabelgiji waliweka kodi maalum kwa wanawake waliokaa mijini bila mume. Serikali ya mkoloni haikupenda kuona mwanamke mjini anajitegemea. Mjane, aliyeachwa na mume, mfanyabiashara wa sokoni, wote waliandikwa katika fungu moja na wanawake waliouza miili yao, wakatakiwa walipe.

Wasikilizaji wa Uvira na Ruzizi wanaujua mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura. Katika miaka ya 1950 mji huo uliitwa Usumbura, na Burundi nayo ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Akina mama Waislamu wa Buyenzi, wasemaji wa Kiswahili, waliipinga kodi ile waziwazi. Hawakulalamikia pesa tu. Walilalamikia jina walilopewa. Mjane anayelipishwa kodi ya namna ile alikuwa ametukanwa mbele ya majirani na mbele ya watoto wake.

Kura hawakuwa nayo, wala chama, wala mbunge wa kuwasemea. Walikuwa na sauti zao na umoja wao. Hapo ndipo safari hii inapoanzia: akina mama walijipanga kwanza, haki ya kupiga kura ikafuata baadaye.

Wabelgiji na hesabu ya nani atampigia nani

Wengi watauliza: kama Ubelgiji ndio waliotunga sheria ya 1960, je, kwao wanawake walipiga kura? Jibu ni ndiyo, lakini walingoja sana.

Baada ya vita kuu vya kwanza, wanaume wote wa Ubelgiji walipewa kura. Kwa wanawake, wakubwa walibishana. Chama cha Wakatoliki kilitaka wapewe. Wasoshalisti na Waliberali wengi walikataa, ingawa ndio waliokuwa wakihubiri usawa. Sababu yao haikuwa ngumu kuielewa: waliogopa kwamba mwanamke atamsikiliza padri, na kura yake itawaendea Wakatoliki. Kwa hiyo kila upande ulihesabu faida yake, na haki yenyewe ikawekwa pembeni.

Mwisho walikubaliana nusu nusu. Mwaka 1920 wanawake walipewa kura katika uchaguzi wa komine tu. Katika uchaguzi wa bunge waliruhusiwa wachache: wajane wa askari waliouawa vitani ambao hawakuolewa tena, akina mama wajane waliopoteza watoto wao, na wanawake waliofungwa na Wajerumani kwa kupigania nchi. Yaani mwanamke alipata kura kwa sababu ya marehemu wake au kifungo chake, siyo kwa sababu yeye ni mtu mzima mwenye akili.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakati huohuo waliruhusiwa kugombea. Mwaka 1921 Marie Janson akaingia seneti. Mwaka 1929 Lucie Dejardin, mwanamke wa Liège ambaye utotoni alisukuma vigari vya makaa ya mawe mgodini, akachaguliwa mbunge. Alitunga sheria katika bunge ambalo wanawake wengi wenzake hawakuruhusiwa kulichagua.

Sheria iliyowapa wanawake wote wa Ubelgiji kura ya bunge ilipitishwa mwaka 1948, na walipiga kura hiyo mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1949. Sasa tuangalie tarehe vizuri. Mwaka 1960, wakati bunge la Brussels linapitisha sheria ya uchaguzi wa Kongo, bunge hilohilo lilikuwa limechaguliwa na wanaume na wanawake. Mama wa Liège alikuwa na kura. Mama wa Bukavu alinyimwa na wale waliochaguliwa na mama wa Liège.

Kura za kwanza za wanaume

Mlango wa kura ulifunguliwa kidogo Desemba 1957. Watu wa miji mitatu, Léopoldville, Élisabethville (Lubumbashi) na Jadotville (Likasi), waliruhusiwa kuchagua washauri wa komine zao. Walioruhusiwa ni wanaume wenye miaka 25 na zaidi. Huko Léopoldville, chama cha Abako kilishinda kwa kishindo, na kiongozi wake Joseph Kasa-Vubu akawa mkuu wa komine ya Dendale. Mwaka uliofuata zamu ikafika miji mingine, Bukavu na Stanleyville (Kisangani) ikiwemo. Desemba 1959 ukafanyika uchaguzi mwingine wa mitaa. Mara zote, wanaume peke yao.

Mtu anaweza kusema ndivyo desturi zetu zilivyokuwa. Jibu hilo halitoshi. Katika jamii nyingi za Kongo, mama mkubwa wa ukoo, mama wa chifu au shangazi alikuwa na neno lake, na mambo mazito hayakupita bila yeye kusikilizwa. Aliyefunga mlango kwa maandishi ni mkoloni, na shule zake zilisaidia kuufunga. Wavulana walifundishwa Kifaransa na ukarani. Wasichana wengi waliobahatika kusoma walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Kisha ikasemwa kwamba wanawake hawana elimu ya kutosha kuelewa siasa. Waliowanyima shule ndio waliowalaumu kwa kukosa shule.

Andrée Blouin na akina mama wa Kwilu

Katika miezi hiyo ya joto kabla ya uhuru, alionekana mwanamke aliyeamua kutongoja sheria. Jina lake Andrée Blouin.

Alizaliwa mwaka 1921 huko Oubangui-Chari, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mama yake alikuwa Mwafrika, baba yake Mfaransa. Akiwa mtoto mdogo alichukuliwa kwa mama yake, akapelekwa kwa masista Brazzaville, kwenye nyumba ya kulelea watoto machotara, na huko akakaa hadi alipotoroka akiwa kijana. Baadaye akazaa mtoto wa kiume, René. Mtoto huyo alishikwa na malaria huko Bangui, na mama yake akanyimwa kwinini kwa sababu dawa hiyo ilitengwa kwa ajili ya Wazungu. Mtoto akafa akiwa na miaka miwili. Blouin alisema kifo hicho ndicho kilichomfanya aingie siasa.

Mwaka 1958 alikuwa Guinea, akisaidia kampeni ya Sékou Touré ya kusema hapana kwa Ufaransa. Mwaka 1960 akaingia Kongo, akafanya kazi na viongozi wa chama cha PSA, Antoine Gizenga na Pierre Mulele. Wao walimwomba kazi moja: awapange akina mama.

Chama alichokianzisha kiliitwa kwa Kifaransa Mouvement Féminin pour la Solidarité Africaine, yaani Harakati ya Wanawake kwa Umoja wa Afrika. Alizunguka Kwango na Kwilu, akisimama kijiji kwa kijiji na kuongea na akina mama. Kwa muda mfupi, kwa hesabu yake mwenyewe, waliojiandikisha walifika 45,000.

Tusome shabaha walizojiwekea: mama ajue kusoma na kuandika, ajue usafi na afya, apigane na ulevi unaokula pesa za nyumba, haki zake ziheshimiwe, mwanamke aliyetupwa na mume apate ulinzi pamoja na watoto wake. Wote hawakuwa na kura. Mume ndiye aliyekwenda kwenye sanduku. Lakini wagombea walijua kwamba kijiji ambacho akina mama wamejipanga hakipuuzwi. Katika nchi ambayo sheria ilisema mwanamke hayupo, akina mama wa Kwilu waliandika majina yao kwenye orodha yao wenyewe.

Lumumba alipokuwa waziri mkuu, Blouin akawa mkuu wa itifaki katika serikali. Haikudumu. Lumumba aliangushwa Septemba 1960, na Blouin akafukuzwa Kongo. Alifariki Paris mwaka 1986.

Sophie Kanza, na mwaka 1967

Jina la pili ni la mtoto wa Kinshasa. Sophie Kanza alizaliwa mwaka 1940 katika familia ya siasa. Baba yake Daniel Kanza alikuwa mmoja wa viongozi wa Abako. Mwaka 1964 alimaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Lovanium, akawa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu. Miaka minne baada ya uhuru, ndiyo kwanza mmoja.

Tarehe 31 Oktoba 1966 Rais Mobutu alimteua kuwa waziri wa mambo ya jamii. Alikuwa na miaka 26. Kongo ikapata waziri mwanamke kabla wanawake wa Kongo hawajapata haki ya kupiga kura.

Haki hiyo ilikuja mwaka 1967, mwaka wa katiba mpya iliyotangazwa tarehe 24 Juni. Mwaka 1970 ikafuata haki ya kugombea. Kwenye karatasi, mlango uliofungwa mwaka 1960 ulikuwa umefunguliwa.

Kijani na nyekundu

Tatizo ni kile kilichokuwa nyuma ya mlango. Tarehe 20 Mei mwaka huohuo wa 1967 Mobutu alikuwa ameanzisha chama chake, MPR, na baada ya muda kikabaki chama peke yake nchini.

Novemba 1970 akina mama walikwenda kumchagua rais wa nchi. Mgombea alikuwa mmoja. Mpiga kura alipewa karatasi mbili: ya kijani, iliyosemwa ni ya matumaini, na nyekundu, iliyosemwa ni ya fujo. Matokeo rasmi yalitangaza zaidi ya kura milioni 10 za kijani. Za nyekundu, nchi nzima, zilikuwa 157.

Mwaka 1975 hata karatasi ziliondolewa. Majina ya wagombea wa MPR yalisomwa mbele ya watu uwanjani, na watu wakapiga makofi. Makofi ndiyo yaliyohesabiwa kuwa kura.

Kwa hiyo mwanamke wa Kongo alinyimwa kura wakati ilipokuwa na uzito, akapewa ilipokuwa imeshatolewa nguvu. Wapo wanaosema kwamba Mobutu ndiye aliyewakomboa wanawake kwa sababu alitia sahihi. Sahihi alitia. Ila haki ya kuchagua bila cha kuchagua ni sawa na sufuria isiyo na unga: chombo kipo, watoto wanalala njaa.

Na nyumbani mambo yaliendelea kuwa magumu. Mwanamke yuleyule aliyeruhusiwa kumpigia rais kura alihitaji ruhusa ya mumewe kisheria ili atie sahihi mkataba au asimame mahakamani. Masharti hayo ya Kodi ya Familia, yaani kitabu cha sheria za ndoa na urithi, yaliondolewa Julai 2016 tu.

Mwaka 2006, karatasi yenye majina mengi

Baada ya miaka ya vita, akina mama wa mashirika, wa makanisa na wa masoko, wa Bukavu na Goma pia, walidai wawe na nafasi katika mazungumzo ya amani na katika sheria zitakazotoka humo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilibeba madai hayo. Kipengele cha 5 kinasema Wakongomani wote, wanaume kwa wanawake, wenye miaka 18 na haki zao za kiraia, ni wapiga kura na wanaweza kuchaguliwa. Kipengele cha 14 kinaitaka serikali ihakikishe usawa wa wanawake na wanaume katika taasisi za nchi na za majimbo.

Tarehe 30 Julai 2006, kwa mara ya kwanza, mama wa Kongo alipewa karatasi ya kura ya rais yenye majina mengi. Wagombea walikuwa 33, na wanne kati yao walikuwa wanawake. Mmoja ni Justine Kasa-Vubu, binti wa yule mkuu wa komine aliyechaguliwa na wanaume watupu mwaka 1957. Ndani ya maisha ya baba na binti, nchi ilikuwa imetembea mwendo huo wote.

Tangu hapo milango mingine imefunguka. Jeanine Mabunda aliongoza bunge la taifa kuanzia 2019. Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa waziri mkuu tarehe 1 Aprili 2024, mwanamke wa kwanza katika cheo hicho. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 iliandikwa ili kutekeleza usawa wa kipengele cha 14. Hata hivyo, bunge lililochaguliwa 2006 halikuwa na mwanamke hata mmoja kati ya kila wabunge kumi, na usawa wenyewe bado uko mbali.

Mama mkimbizi na karte yake

Mwanamke wa Kivu anaweza kuuliza: hayo yote yananihusu nini mimi niliyeko kambini?

Yanamhusu, kwa sababu leo hakuna sheria inayosema mwanamke asipige kura. Kinachomtoa nje ni orodha. Mpiga kura wa Kongo hupiga kura mahali alipoandikishwa. Aliyekimbia kijiji amekiacha pia kituo chake cha kura. Jina lake liko kule, mwili wake uko huku. Tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilipopiga kura, uchaguzi haukufanyika Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita, wala Kwamouth upande wa Mai-Ndombe. Wabunge wa sehemu hizo hawakuchaguliwa siku ile. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Tena karte ya kura siyo ya kura tu. Kwa Wakongomani wengi ndicho kitambulisho wanachokitumia kila siku: kwenye vizuizi vya barabarani, benki, kwenye kupokea pesa za simu, kwenye kuandikisha mtoto. Mama aliyekimbia usiku akabeba watoto na sufuria, karte ikabaki chini ya godoro, amepoteza vitu viwili kwa pamoja: jina lake mbele ya askari wa kizuizi, na jina lake mbele ya sanduku la kura. Wengine hawakuwahi kuwa na karte kwa jina lao. Ile ya mume ilitosha nyumba nzima, hadi mume alipouawa au kupotea.

Katiba inaweka muhula wa miaka mitano, kwa hiyo uchaguzi unaofuata unatazamiwa mwishoni mwa 2028. Kabla ya hapo lazima orodha zipitiwe upya. Hapo ndipo maswali ya kambini yanapotakiwa kuulizwa mapema, kwa CENI na kwa wagombea wote: mkimbizi ataandikishwa wapi? Kura yake itahesabiwa kwa mbunge wa Masisi alikotoka, au wa mahali alipohamia? Duplikata ya karte iliyopotea itatolewa karibu na kambi, au mama atatakiwa kupanda moto na pesa ambayo hana?

Akina mama wa Buyenzi walikataa jina ambalo serikali iliwapa. Akina mama wa Kwilu waliandika majina yao wakati sheria haikuyataka. Hakuna kati yao aliyengoja kwanza apewe kura ndipo aseme. Kwenye kambi nyingi leo kuna kamati za akina mama zinazohesabu familia kwa ajili ya maji, maturubai na unga. Kamati hizohizo zinaweza kuandika kwenye daftari ni mama gani hana karte, alitoka kijiji gani, na aliandikishwa mwaka gani. Siku maofisa wa orodha watakapofika, daftari liwe tayari limeshajaa.